Majirani Walipolima Nyasi za Serikali

Saa moja asubuhi, na upepo wa Oktoba unakata masikio. Ardys Gefroh, mwenye umri wa miaka sitini na mitatu, anainama, anakumbatia jiwe kwa mikono miwili, anajikongoja nalo hatua nne na kulibwaga kwenye sanduku la chuma lililo mbele ya trekta. Kishindo chake kinasikika hadi barabarani. Anajishika kiuno, anavuta pumzi, anainama tena.

"Nilikuwa nayahesabu," anasema bila kugeuka. "Nilipofika mia nne nikaacha. Hasira ninazo za kutosha, hesabu ya nini tena?"

Mteremko huu wa ekari arobaini na mbili uko upande wa kaskazini wa shamba lake, katika Kaunti ya Wendt, Dakota Kaskazini. Kila majira ya baridi barafu inasukuma mawe juu kutoka ardhini, na kila majira ya mchipuko yanakutwa yamejaa tele, kana kwamba hayakuokotwa mwaka jana. Ndiyo maana miaka saba iliyopita Ardys na mumewe, Orlin, waliamua kuachana nao. Walitia saini mkataba wa miaka kumi na serikali: wapande nyasi, wasiziguse, nao watalipwa dola sitini na nane kwa kila ekari kila mwaka.

Ndiyo, umesoma vizuri. Wanalipwa wasilime. Udongo upumzike, ndege wapate pa kutagia, na mvua isiubebe mteremko mzima ikaupeleka mtoni. Ruzuku yenyewe si ya kutajirisha mtu, dola 2,856 kwa mwaka, lakini huingia Oktoba, wakati uleule wa kulipa kodi ya ardhi. "Inaingia kwa mkono huu, inatokea kwa huu," anasema Ardys, "lakini mwaka unapita bila kukopa."

Oktoba hii ruzuku haikuja. Imekuja barua. Inasema nyasi zimelimwa, mkataba umevunjwa, na familia ya Gefroh irudishe malipo yote ya miaka saba, pamoja na riba na faini. Jumla ni dola 26,310.

Sasa sikiliza uchungu wake. Ardys hakulima nyasi hizo. Orlin hakuzilima, maana siku zilipolimwa alikuwa kitandani hospitalini, hawezi hata kuinua kijiko. Waliozilima ni majirani, na walizilima kwa mapenzi.

Orlin alipatwa na kiharusi tarehe 2 Mei, akiwa anapaka grisi mashine ya kupandia. Ardys alimkuta ameegemea gurudumu, mdomo umekwenda upande. Tangu siku hiyo alihamia Bismarck, mwendo wa saa moja na nusu, akalala kwenye kiti kando ya kitanda cha mumewe kwa siku kumi na tisa. Shambani ngano ilikuwa haijapandwa hata ekari moja.

Kwa watu wa huku, wajukuu wa Wajerumani waliofika kutokea Urusi na masanduku ya mbao, msaada hauombwi. Kuomba ni aibu, na kumuuliza mgonjwa unataka tukusaidie nini ni kumwaibisha zaidi. Watu huja tu. Hakuna anayepiga simu kwa mwenye shamba, hakuna anayesubiri kuonyeshwa mipaka. Kila mtu anajua mwenzake hulima wapi, au anadhani anajua.

Jumamosi ya tarehe 14 Mei yalikuja matrekta tisa. Wanawake walikuja na sufuria za supu ya maandazi madogo ya unga, na keki za matunda zikapangwa juu ya mkokoteni. Kufika saa kumi na mbili jioni, ekari mia sita na ishirini zilikuwa zimepandwa ngano. Wakala, wakafuta mikono kwenye suruali, wakaenda zao. Tenda wema nenda zako, kama tusemavyo sisi.

"Nilipoambiwa kwenye simu nililia mpaka muuguzi akadhani Orlin amefariki," anasema Ardys.

Kasoro ilikuwa kwenye mteremko huu wa mawe. Delbert Kautz, jirani wa upande wa mashariki na rafiki wa Orlin tangu darasa la kwanza, ndiye aliyeupitia na trekta lake kubwa. Aliukuta mweusi, mtupu, hauna hata unyasi mmoja. Akaona huu umeandaliwa, unangoja mbegu.

Lakini weusi ule ulitokana na amri ya ofisi yenyewe ya kilimo, ile iliyotoa mkataba! Mkataba unataka nyasi zichomwe mara moja katikati ya miaka kumi ili ziote upya zikiwa na nguvu. Orlin alizichoma Aprili, kwa kibali, gari la zimamoto likiwa limesimama pembeni. Na kibali hicho kilipitishwa na kamati ya kaunti, wakulima watatu waliochaguliwa kwa kura na wenzao. Mwenyekiti wao ni nani? Delbert Kautz huyohuyo. Saini yake iko pale chini, kwa wino wa bluu.

"Karatasi iliandikwa shamba namba 1147, kipande cha sita," Delbert anajitetea. "Nani huku anajua kipande cha sita? Sisi huu tunauita kwa Ziegler!"

Mzee Ziegler alikufa kabla wengi wao hawajazaliwa. Ardhi ya huku huitwa kwa jina la marehemu wa zamani kabisa, namba zimebaki kabatini ofisini. Kwa hiyo Delbert aliidhinisha kipande cha sita kichomwe mwezi Aprili, na mwezi Mei akaingia kwa Ziegler na trekta, wala haikumpitikia kwamba ni ardhi ileile.

Aliyepeleka habari ofisini hakuwa mbea wala picha ya kutoka angani. Ni Ardys mwenyewe. Kila Julai mkulima lazima aende kuripoti kila ekari imepandwa nini. Alikwenda na keki mbili za kuwashukuru wafanyakazi kwa salamu walizomtumia Orlin. Akakaa mbele ya meza ya Twyla Hoffer, karani ambaye Ardys alimshika ubatizo utotoni, na kuanza kutaja: huku ngano, kule ngano, kwa Ziegler pia ngano.

"Twyla akaacha kutafuna," anakumbuka Ardys. "Akaniambia, 'Mama, rudia hapo.' Nikarudia. Akasema, 'Mama, nakuomba usirudie tena.'"

Lakini alikuwa amekwisha kusema, na Twyla alikuwa amekwisha kuandika. Angeweza kufuta? Ardys anamtolea macho mwandishi wa habari hii. "Nimwambie mtoto niliyemshika ubatizo adanganye? Na keki yangu iko mdomoni mwake?"

Hapo ndipo danadana ilipoanza. Kesi ya mkataba uliovunjwa husikilizwa na kamati ya kaunti. Kamati ikaketi Agosti, ikafungua faili, ikafunga. Wajumbe wote watatu walikuwa kwenye matrekta siku ile. Mmoja alilima, wa pili alibeba mbegu, wa tatu anasema alikuja kula tu, lakini naye alionekana akiendesha. Sheria hairuhusu mtu kuamua kesi inayomhusu. Faili likapelekwa Bismarck, kwenye ofisi ya jimbo.

Bismarck wakalirudisha. Halina maoni ya kamati. Ardys akapiga simu: kamati haiwezi kutoa maoni, ndiyo sababu mmeletewa. Akajibiwa kwamba hilo linaeleweka, ila faili haliwezi kupokelewa bila maoni. Kamati ikaandika kwamba haina maoni. Likarudi Bismarck. Likarudishwa tena, safari hii kwa kuwa karatasi ya "hatuna maoni" ilitakiwa isainiwe na mjumbe asiyehusika, na mjumbe asiyehusika hayupo. Hivi jamani, mtu afanyeje? Amzae?

Nyumbani, Orlin anakaa dirishani na blanketi magotini. Maneno mengi yamempotea, lakini moja limebaki zima, na hulitamka vizuri kuliko mchungaji anavyotamka amina. Kila Ardys akimsomea barua mpya, humsikiliza mpaka mwisho, kisha husema: "Upuuzi!"

"Daktari anasema ni dalili njema," Ardys anaeleza. "Namwambia daktari, kwa barua hizi atapona kabla ya Krismasi."

Mwaka jana, baada ya mbegu, mafuta na mikopo, familia hii ilibakiwa na dola elfu thelathini na moja. Hospitali imekwisha kumeza zaidi ya nusu. Kinachowalisha ni ng'ombe ishirini na tisa, wanaozaa ndama wa kuuzwa kila msimu wa mapukutiko. Ng'ombe mmoja mnadani sasa huenda kwa dola 2,400. Fanya hesabu. Deni la nyasi ni ng'ombe kumi na mmoja. Ng'ombe wa maskini hazai, walisema wahenga. Wa Ardys wanazaa vizuri, ila wanazalia serikali.

Mwanzoni mwa Oktoba Bismarck wakaacha kungoja maoni. Pamoja na barua ya deni ikaja fomu, na kwenye fomu ndiyo kuna mlango wa kutokea. Inasema hivi: iwapo nyasi zimelimwa na watu walioingia bila ruhusa ya mwenye ardhi, mwenye ardhi hana kosa wala hadaiwi kitu. Inatosha ajibu "hapana" kwenye swali la tatu, aandike majina ya wavamizi, na atie saini. Mwisho wa kuipokea ni Ijumaa.

Leo ni Jumatano. Fomu iko ndani ya pikapu ya Ardys, juu ya dashibodi, chini ya glovu. Swali la tatu liko wazi.

Saa tatu kasoro, pikapu ya kijani inapanda mteremko kwa fujo. Ni Delbert. Ana miaka sitini na minne, tumbo mbele, kofia ya kiwanda cha mbegu kichwani. Anashuka bila kufunga mlango.

"Shemeji, umeijaza?"

"Habari za asubuhi na wewe, Delbert."

"Nzuri. Umeijaza?"

"Naokota mawe. Huoni?"

"Naona! Mawe yapo toka enzi za Nuhu, yatakungoja. Ijumaa haikungoji. Andika jina langu, uweke saini, nikupelekee. Kautz, kwa K. Andika mvamizi. Andika mwizi wa ardhi ukitaka, mimi sikasiriki."

Ardys anabwaga jiwe. "Nitaandikaje kwamba ulikuja kunivamia? Ulikuja na mbegu zako. Mafuta yako. Mkeo alileta supu. Mvamizi gani anakuja na supu?"

"Ni karatasi tu, shemeji!"

"Karatasi tu ndiyo iliyotufikisha hapa."

Delbert anavua kofia, anaikunja, anaivaa tena. Huyu mtu ameteseka. Wiki iliyopita alileta hundi ya dola elfu ishirini na sita. Ardys aliipokea, akaibandika kwenye friji kwa sumaku yenye umbo la jogoo, na ipo mpaka leo haijaonja benki. Alipoulizwa sababu alisema mtu hawezi kumlimia mwenzake kisha akalipia kumlimia.

"Mwanasheria wangu amesema hawatanifanya kitu," Delbert anasihi. "Onyo tu. Labda nitoke kwenye kamati. Nami nimeichoka hiyo kamati, inanipa kahawa mbaya."

"Si wewe peke yako. Wanataka majina yote. Wote tisa."

"Wote wamekubali! Nimewazungukia. Hata Reuben mbishi amekubali."

"Najua wamekubali. Mimi sijakubali."

"Kwa nini, lakini? Ng'ombe kumi na mmoja! Orlin aliwafuga hao tangu bibi zao. Kwa nini unakuwa mgumu hivi, mwanamke?"

Ardys anavua glovu. Mikono yake imepasuka kwenye vifundo. Sauti yake imeshuka.

"Niambie ya Kermit."

Delbert anarudi kufunga mlango wa pikapu.

Kermit Doll ni jirani wa upande wa kusini. Mwisho wa Agosti alianguka kutoka kwenye ghala la nafaka akavunjika nyonga. Ngano yake, ekari mia na sitini, ilikuwa imekauka, inangoja mashine tu. Habari zilienea saa hiyohiyo. Mashine nne za kuvunia zikafika kwenye uzio wake kabla ya saa sita mchana.

Zikasimama hapo.

Kisa cha nyasi za Gefroh kila mtu alikuwa amekisikia. Mtu mmoja akasema, tusije tukavuna pasipovunwa, tukamtia mwenzetu matatani. Tungoje kwanza karatasi ya ruhusa. Kermit alikuwa chumba cha upasuaji. Mkewe hakuwa na mamlaka ya kusaini. Karatasi ikazunguka siku mbili. Siku ya tatu, saa nane mchana, ikaja mvua ya mawe. Ilipoisha, hapakuwa na suke lililosimama.

"Nani alisema tungoje karatasi?" Ardys anauliza.

Delbert anatazama viatu vyake. Upepo unampeperusha kola.

"Si unajua ni mimi," anasema mwishowe. "Nilisimama pale getini na ufunguo mkononi. Miaka arobaini navuna mashamba ya wagonjwa, sijawahi kuzima mashine kumngojea karani. Nilikuwa naogopa, shemeji. Nilikuwa nakufikiria wewe."

"Ndiyo. Ulikuwa unanifikiria mimi." Ardys anaenda kwenye pikapu, anasukuma glovu pembeni, anaitoa fomu. "Sasa nikiandika hapa kwamba mtu aliyekuja kunisaidia ni mvamizi, na serikali ikapiga muhuri, basi imekuwa sheria. Getini pa Kermit mlikuwa mnaogopa maneno. Mwakani mtaogopa muhuri. Nani atakuja tena, Delbert? Wewe utakuja?"

Delbert anaivua tena kofia. Si mtu wa kusema uongo, hata wa kumpendeza mtu.

Ardys anailaza fomu juu ya boneti, anaishikilia kwa kiwiko isipeperuke. Kalamu inagoma kwa baridi; anaipulizia, anaisugua kwenye suruali. Swali la tatu: *Je, waliolima walikuwa na ruhusa ya mwenye ardhi?* Anaweka alama kwenye "ndiyo." Penye nafasi ya maelezo anaandika maneno matatu: *Ni majirani zangu.* Anatia saini.

"Mungu wangu," anasema Delbert. "Mungu wangu, Ardys. Mjinga wee." Macho yake yamejaa maji, na anamsingizia upepo.

"Mjinga ni mimi, sawa. Mnada ni Alhamisi ijayo. Nauza wale wekundu."

"Nitawanunua mimi."

"Wanunue. Lakini kwa bei ya mnada. Ukiongeza hata dola moja ya huruma nitakufukuza hapa na bunduki, na huo ndio utakuwa uvamizi, tutauandikia fomu yake."

Delbert anacheka, mara anaacha. Anauliza kama Orlin anajua.

"Jana nilimwambia nitakachoandika," anajibu Ardys. "Nilijua atanitupia lile neno lake. Akanitazama weee. Kisha akanishika mkono, akaubana. Hakusema kitu."

Mipango yake iliyobaki ni ya kawaida. Lazima mawe yatoke na mbegu za nyasi ziingie ardhini kabla haijaganda, yaani wiki tatu kwa kubahatisha, ili angalau miaka mitatu iliyosalia ya mkataba isipotee. Ng'ombe kumi na wanane watabaki, na anaamini kwa miaka sita watakuwa wamerudi walipokuwa. Tena amejiandikisha kugombea ujumbe wa kamati ya kaunti. Kura zitapigwa kwa posta Desemba. Twyla amemwonya kwamba kazi yenyewe ni makaratasi matupu. "Ndiyo maana naitaka," alimjibu. "Nataka fomu iwe na mahali pa kuandika jirani."

Atashinda? Mpinzani wake ni Reuben mbishi, ambaye ametangaza kanisani kwamba atampigia kura Ardys.

Anaitia fomu ndani ya bahasha, anailamba, na kumkabidhi Delbert, maana yeye ndiye anayeelekea mjini. Delbert anaishika kwa ncha za vidole, anaigeuza, halafu anaitia mfuko wa shati na kufunga kifungo.

"Hujachelewa," anamwambia. "Naweza kuipoteza njiani."

"Utaifikisha. Nakujua." Ardys anavaa glovu na kurudi kwenye mawe. Anasema akiwa ameinama, na sauti yake inagota chini, lakini kila neno linasikika. "Mei ijayo mtu ataugua, Delbert. Hatukosi mmoja kila mwaka. Nataka matrekta yafike asubuhi ileile, yaingie bila kuuliza. Hata yakikosea shamba, yaingie."